Mifupa ya Chungu

Bi Saleha alikuwa mtu wa kuchekecha. Unga wa ngano aliuchekecha mara mbili, wa mahindi mara tatu, na mchele aliupeta kisha akauchambua punje kwa punje, uso ameukunja, utadhani kila punje imemkosea adabu. Hata sukari ya duka haikusalimika. Mwanawe Taib, karani katika duka la vitambaa Barabara ya Bazaar, alizoea kusema kwamba mama yake angepata chekeche la kutosha angeuchekecha mji mzima wa Nairobi, na wasingebaki watu kumi.

Mji wenyewe Bi Saleha hakuupenda, na hakuficha. Taib alimleta kutoka Mombasa mwishoni mwa mwaka wa hamsini na saba, baada ya baba yake kufariki, wakaishi vyumba viwili nyuma ya Msikiti wa Jamia. Mama alishuka kwenye gari la moshi na sanduku moja, mswala, na mtungi wa maji alioachiwa na mama yake. Mtungi huo aliupakata njia nzima kama mtoto mwenye homa. Na ulipofika, ukakosa kazi. Mombasa mtungi hupoza maji. Nairobi maji hutoka bombani yakiwa yamekwisha kupozwa na Mola mwenyewe, hadi meno yakauma. Taib alicheka sana. Bi Saleha hakucheka. Aliuacha mtungi ndani ya gunia lake, umefungwa kamba, nyuma ya mlango.

"Siku nikirudi kwetu nisihangaike kufunga," alisema.

Kila mwisho wa mwezi akawa anamkumbusha mwanawe tikiti. Taib, ambaye moyo wake haukuweza kumwona mama akijikunyata kama kifaranga kilicholowa, akaahidi kwamba Agosti ikifika atamrudisha.

Basi mambo yangekwisha hivyo kama si Nyumba ya Mikono. Hilo lilikuwa bohari kuukuu la ngozi, chini ya River Road, ambalo mwalimu mstaafu aitwaye Zedekiah alilibembeleza kwa mwenyewe mpaka akapewa bure. Mzee Zedekiah alitoka Maragoli, alikuwa mfupi, na hakuwa na haya hata kidogo ya kuomba, mradi haombi kwa ajili yake. Humo walifundisha kuchora, kuchonga, kusuka mikeka, kushona kofia na kufinyanga. Mtoto wa miaka mitano aliketi benchi moja na babu wa sabini, mpagazi na karani, mwenye kilemba na mwenye rozari. Juu ya mlango paliandikwa kwa chokaa: LETA MIKONO. Alipokuja Mzee Oloo, aliyeacha mkono wake wa kushoto vitani Burma, akasimama chini ya maandishi yale na kuuliza kama yeye arudi nyumbani. Mzee Zedekiah akapanda ngazi papo hapo akaongeza: HATA MMOJA.

Bi Saleha aliombwa afundishe kofia siku za Jumanne. Alikubali, huku akisema wazi kwamba ni mpaka Agosti tu. Chumba cha kofia kilikuwa na baridi ya kukatisha uzi, na ng'ambo ya ukuta kulikuwa na chumba cha udongo, chenye jiko la makaa lililowaka kutwa. Alianza kuchungulia mlangoni, kisha akaingia hatua mbili, na wiki ya tatu mwalimu wa udongo akamwita.

"Mama Taib, unaogopa nini? Kuja hapa. Shika hii."

Mwalimu huyo aliitwa Nakhumicha. Alikuwa mama wa kutoka upande wa Bungoma, mwenye mabega mapana na kicheko cha kutikisa vikombe; mume wake alikuwa mpagazi wa reli. Alimtia Bi Saleha bonge la udongo mikononi bila kumuuliza kama anataka.

"Huu wa baridi, mwalimu!"

"Wewe kanda. Baridi itatoka yenyewe."

Akakanda. Baridi ikatoka. Kufikia Juni Bi Saleha alikuwa akienda Nyumba ya Mikono siku nne kwa wiki, na mwisho wa mwezi ule ulipita bila yeye kutaja tikiti. Hakuligundua jambo hilo mwenyewe. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, wakiwafikiria watoto. Hawakumwona Mzee Oloo akishikilia chungu kwa magoti na kukilainisha kwa mkono mmoja, wala Bi Saleha, mwenye miaka hamsini na minane, akimwonyesha Caren, msichana wa miaka tisa, kikombe chake cha kwanza kana kwamba amezaa.

Lakini palipo na jiko la moto hapakosi wa kulitamani. Vijana wa chuo cha ufundi walikitaka chumba kile cha udongo kwa ajili ya mpira wa meza. Walikuwa wengi, nao walikuwa na hoja: tangu mwaka uanze chumba kimetoa tope na kicheko tu, hakuna chungu hata kimoja kilichochomwa. Kamati ya Nyumba ya Mikono ikaamua. Jumamosi ya mwisho ya Julai yangekuwa maonyesho. Vyungu vikisimama mezani na vikishika maji, chumba ni cha Nakhumicha. La sivyo, meza ya mpira iingie Jumatatu.

Nakhumicha hakutishika. Udongo ulichimbwa bondeni chini ya Uthiru, kwenye shamba la mtu aitwaye Ndungu. Ndungu mwenyewe hakuweza kuingia mjini bila pasi ya serikali, maana Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa, hivyo aliyeuleta udongo alikuwa Lazarus, dereva wa gari la mikate, ambaye kila asubuhi alipeleka mikate Loresho na kurudi na makreti matupu. Mwanafunzi alikuwa yeye pia, ingawa kila alichofinyanga kilitoka na umbo la mkate.

Na kulikuwa na gunia, ambalo halikuwahi kuguswa kwa udongo wa kujifunzia. Nakhumicha alilileta kutoka kwao: vigae vya vyungu vilivyovunjika, vya mama yake na vya nyanya yake. Alivitwanga vikawa chengachenga, akavimwaga ndani ya pipa la udongo uliolowekwa ukawa kama uji mzito. Kazi hiyo aliifanya Ijumaa jioni peke yake, kama alivyofundishwa kwao, kisha akaenda zake. Jumamosi alikuwa na matanga.

Jumamosi hiyo Bi Saleha alifika mapema. Akatia mkono ndani ya pipa, na mkono ukakutana na changarawe.

"Yarabi!" alisema. "Maskini mwalimu wa watu. Kazi zimemzidi mpaka udongo wake umejaa takataka."

Usafi ni katika imani, na imani ya Bi Saleha haikuwa ndogo. Alirudi nyumbani akachukua chekeche lake na kipande cha kitambaa cha melikani. Akachekecha. Alichekecha pipa zima, kata baada ya kata, tangu saa mbili hadi adhuhuri, mikono ya baibui ameipandisha, akiimba kwa sauti ya chini nyimbo za harusi za Mombasa. Hakuwa amefurahi hivyo tangu afiwe. Uchafu aliopata ulijaa karai, akaumwaga penye tope la bombani, watu wapate pa kukanyaga. Hakumwambia mtu. Tenda wema nenda zako.

Vyungu vya udongo ule vilipendeza kupita kiasi. Vilikuwa laini kama shavu. Wanafunzi walifinyanga wiki nzima, na kila mtu akajiona fundi. Nakhumicha peke yake alikuwa akisugua vidole na kukunja paji la uso.

"Hii udongo inateleza kama samli," alisema. "Sijui ni maji ya hapa Nairobi."

Vilipoanza kukauka, akachukua vibakuli vitatu vidogo, akavikausha haraka kando ya jiko na kwenda Uthiru na Lazarus kuvijaribu motoni. Jumatano alasiri alirudi na vigae kwenye kanga. Akavimwaga mezani. Hakucheka, na watu wakauacha udongo wao kwa sababu hawakuwahi kumwona bila kicheko.

"Zote tatu zimepasuka. Pa! Pa! Pa! kama bunduki," alisema. "Miaka ishirini nachoma, sijaona hii. Nafikiri udongo ya huku imenikataa. Mzee Zedekiah aambiwe tu ukweli, hao vijana walete meza yao."

"Huenda moto ulikuwa mkali," alisema Bi Saleha.

"Moto haina makosa, Mama Taib. Udongo ni nyama. Nyama peke yake haiwezi kusimama kwa moto, inataka mifupa. Ndiyo maana mimi natia vigae ya kutwanga, ile inasikika kwa mkono kama changarawe. Moto ikiingia, inapata njia ya kupita katikati. Nilitia, na nilitia ya kutosha. Sasa mifupa imeenda wapi?"

Bi Saleha aliutazama mkono wake uliokutana na changarawe ile. Kisha akaaga, akisema kichwa kinamgonga, na kweli kilikuwa kinamgonga.

Nyumbani hakupika. Aliswali alasiri, akakaa juu ya mswala mpaka magharibi ikamkuta palepale. Aliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya namna mbaya: mtu kusutwa kwa uovu wake ni kitu kimoja, lakini kusutwa kwa kile unachojisifia! Angesemaje? Kwamba usafi wake umeua darasa la watu? Na shetani hakosi maneno. Akamnong'oneza kwamba Agosti si mbali, kwamba ataondoka, kwamba hakuna aliyemwona na chekeche lile isipokuwa Mungu.

Taib alirudi kazini akamkuta gizani. "Mama, baridi tena? Vumilia kidogo. Nimekwisha ulizia tikiti."

Hapo ndipo Bi Saleha alipotambua kitu kilichomshtua kuliko vyungu kupasuka. Neno tikiti halikumfurahisha. Alimfikiria Nakhumicha akikunja kanga yake na kutoka mlango ule wa chokaa, akaiona huzuni ileile aliyoijua tangu msiba. Mficha maradhi, kilio humwumbua, na yeye hakutaka kusubiri kilio.

Kesho yake aliingia chumba cha udongo kabla ya mtu yeyote kuketi, akasimama katikati.

"Mifupa ya mwalimu nimeitupa mimi," alisema. "Niliona changarawe, nikadhani ni uchafu. Nikachekecha pipa zima. Kilichobaki nilikimwaga pale bombani, nanyi nyote mmekikanyaga. Udongo haukumkataa mtu. Ni mimi."

Nakhumicha akaligeukia pipa.

"Pipa yote?"

"Lote."

"Na chekeche ya unga?"

"Na melikani juu yake."

"Wewe mama! Nyanya yangu nimembeba kwa gari la moshi kutoka Bungoma, wewe unamtupa kwa tope?" Alikuwa amekasirika kwelikweli, mishipa ya shingo imemsimama. Kisha Mzee Oloo, pale kwenye kona, akaanza kucheka puani, Caren akamfuata, na hasira ya Nakhumicha ikajaribu kusimama peke yake ikashindwa. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko. "Mtu mzima kuchekecha tope! Mimi sijaona!"

Lakini kicheko si dawa. Zilibaki siku kumi na sita. Vyungu vibichi vingeweza kuvunjwa na kulowekwa upya, hilo halikuwa tabu. Tabu ilikuwa vigae. Kwenda Bungoma na kurudi kungekula siku nne, na kwa baridi ile ya Julai vyungu vilitaka kama siku kumi na mbili za kukauka. Lazarus akasema watwange vigae vya paa, Nairobi imejaa.

"Hapana," alisema Nakhumicha. "Nyanya yangu alisema chungu inazaliwa na chungu. Kigae ya paa inajua mvua tu. Haijawahi kubeba chakula wala maji ya mtu."

Wakatawanyika mjini kutafuta. Mzee Oloo alizunguka kwa marafiki zake wa jeshi, Caren akauliza kwa jirani zake wote. Watu waliwacheka. Nairobi nzima ilikuwa ikipika kwa sufuria. Walichopata ni kifuniko kimoja chenye ufa.

Siku iliyofuata, Ijumaa, baada ya swala ya mchana, mkokoteni ulisimama mlangoni pa Nyumba ya Mikono. Bi Saleha alikuwa akitembea kando yake, mkono mmoja juu ya gunia. Waliuingiza mzigo ndani. Akaikata kamba aliyoifunga mwenyewe Mombasa, gunia likaanguka, na mtungi ukasimama katikati ya chumba, mweusi kwa umri, tumbo pana, shingo nyembamba.

"Huu umepikwa motoni," alisema. "Umebeba maji ya watu vizazi viwili. Wafaa?"

Nakhumicha akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukaitika vizuri, sauti safi isiyokatika. Akaurudisha mkono wake nyuma haraka.

"Mama Taib, hii ni nzima. Mimi napondaga zilizovunjika. Nzima siwezi."

"Basi nitauvunja mimi."

"Na siku ukienda kwenu?"

Bi Saleha alichukua mchi wa kinu, akasema Bismillahi, akafumba macho akaupiga mtungi wa mama yake. Ulipasuka vipande vitatu, kisha tumbo likajikunja likawa vipande vingi, na harufu ya ubani ikajaa chumba, kwa kuwa mtungi wa Mombasa hufukizwa kabla ya kutiwa maji, na huu ulifukizwa kwa miaka hamsini. Bi Saleha alilia, hakujificha. Nakhumicha akamshika mabega.

Kisha wakatwanga. Mzee Oloo alitwanga kwa mkono wake mmoja, Lazarus kwa miwili, watoto kwa mawe. Chenga zilipokuwa tayari, zingine kubwa zingine vumbi, Nakhumicha akanyoosha mkono.

"Sasa ile chekeche yako. Lete. Vumbi tunatupa, kubwa tunarudisha kwa kinu, ya katikati ndiyo tunataka. Hapa ndiyo kazi yake."

Bi Saleha akachekecha, na safari hii palikuwa na watu kumi na wanane wanaomtazama kwa heshima.

Vyungu vya pili havikuwa laini kama vya kwanza. Ukivipapasa vilikuwa na uparuparu kama ulimi wa paka. Vilikaushwa chumbani kwanza, kisha kwenye rafu za nyuma ya tanuri la mikate, ambako Lazarus alivigeuza asubuhi na jioni bila kuomba ruhusa ya tajiri wake. Ijumaa ya mwisho vilipakiwa kwenye makreti ya mikate, vimefungwa magunia ya unga, gari likapanda mpaka Uthiru. Ndungu alikuwa amekwisha kuandaa kuni, nyasi na mavi makavu ya ng'ombe. Wakavipanga, wakavifunika, wakawasha. Bi Saleha aliketi juu ya jiwe, akitega masikio, akingojea pa, pa, pa. Moto ulinguruma, ukatulia, ukawa majivu. Hapakusikika mlio isipokuwa mmoja.

Nakhumicha akavitoa kwa kijiti kirefu, kimoja kimoja, akivigonga. Vilikuwa arobaini na moja. Arobaini viliitika. Kilichopasuka kilikuwa cha Lazarus, kwa sababu alikifanya kinene kama mkate, na aliyeumia kidogo ni yeye tu.

Jumamosi Mzee Zedekiah alikijaza maji kila chungu mbele ya kamati na mbele ya vijana wa mpira wa meza. Wakasubiri. Meza ikabaki kavu. Mzee akapanda ngazi, akaandika kwa chokaa juu ya mlango wa chumba kile, CHUMBA CHA NAKHUMICHA, na vijana wenyewe wakapiga makofi, mmoja wao akauliza kama darasa linapokea watu Jumatano.

Taib alifika saa nane, bado na suti ya kazini. Alimkuta mama yake nyuma ya meza, udongo kwenye kucha, akimweleza bibi mmoja wa Kihindi jinsi ya kukanda.

"Mama, hongera. Nami sikusahau." Akatoa bahasha mfukoni. "Gari la Jumanne. Siku nyingi naona gunia halipo nyuma ya mlango, nikajua umekwisha kutanguliza mizigo, wanionea haya kunisukuma. Mtungi umeupeleka steshini?"

Bi Saleha akaelekeza kidole.

"Mtungi ule pale," alisema, akionyesha chungu cha Mzee Oloo. "Na ule pale. Na ule mdogo wa Caren, wenye masikio. Na huu wa mwalimu. Mtungi wa bibi yako umo katika vyote arobaini, mwanangu. Wanitaka nirudi Mombasa na kipande kipi?"

Taib alivitazama vyungu vyote vile. Ilimchukua muda, lakini alikuwa mtoto mwerevu. Bahasha akairudisha mfukoni.

Mama akachota maji kwa kata kutoka kwenye chungu chake mwenyewe, ambacho kwa kweli kilikuwa kimeinamia upande kama mtu anayesikiliza umbea. Alikuwa amekifukiza alfajiri ile. Taib akanywa, akanywa tena.

"Yananukia nyumbani," alisema.

"Yanywe, basi. Na Jumatatu ukipita Bazaar niletee chekeche jipya la unga. Lile jingine limekuwa la kazi."